Mtoto wa kisukari naye afundishwe

Ndugu wazazi, darasani kwetu tunaye mtoto wa miaka 11 mwenye kisukari. Siku moja alianza kutetemeka na kutoka jasho. Sisi walimu tukadhani ni malaria. Mwenyewe akasema, "Mwalimu, sukari imeshuka," akanywa maji ya sukari aliyokuja nayo kwenye chupa. Baada ya dakika 15 hivi akawa sawa.

Mama yake alimfundisha pole pole: kwanza kujua dalili, halafu kupima damu, halafu kujidunga insulini, mama akiangalia. Dawa wanaiweka kwenye kopo lililofungwa vizuri, ndani ya mtungi wa maji, kivulini.

Wazazi, tusiwafiche watoto hawa, walimu tuambiwe. Siku ya mgao uko kwenye foleni, nani atamsaidia kama mwenyewe hajui?