Haya Isituangamize

Ndugu zetu Waislamu wa Singida, damu katika mkojo, hata isiyo na maumivu, yaweza kuwa dalili ya saratani ya kibofu. Tumbaku huileta, na kichocho cha siku nyingi huileta pia, kama wataalamu wa saratani wa dunia walivyokiri mwaka 1994.

Daktari akisha kuijua kwa kukata kinyama na kukipima, hutaka kujua imefika wapi. Hapo ndipo yafaapo mapicha ya siti skani: eksirei hupigwa kutoka pande zote, na kompyuta ikaonyesha matezi, ini na mapafu kipande kwa kipande. Ikiwa ingali katika utando wa ndani wa kibofu, huweza kukwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo; ikiwa imeenea, matibabu ni mengine. Walakini maradhi machanga huweza kujificha picha isiyaone. Ndiyo maana mgonjwa huitwa tena kupimwa.

Mashine hiyo iko jirani, Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015. Dini yetu imetuamrisha kujitibu, na dharura humruhusu tabibu kuutazama utupu. Basi enyi vijana, wapelekeni wazee wenu mapema.