Wazee na randa: Faida iko kwenye maranda, hatari iko kwenye vumbi

Ukitembea Kawangware kuanzia steji ya 46, au ukishuka kutoka Barabara ya Ngong kuelekea Kibera, hutakosa mafundi wa mbao. Vitanda, kabati na stendi za televisheni zimepangwa hadi ukingoni mwa lami, na si ajabu kukuta mzee wa mtaa amekaa pembeni akitazama kazi inavyokwenda. Sayansi ya uzee ina ushauri mmoja kwake: ainuke, aombe randa.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Mfanyakazi wa serikali hustaafu akifika 60. Lakini wazee wengi wa mitaa hii walikuwa walinzi, madereva, wapishi na vibarua wa Industrial Area, na wao hustaafu siku mwajiri anapowaambia basi, au magoti yanapokataa. Wenye bahati huchukua akiba yao ya NSSF. Shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii huja mtu akitimiza miaka 70. Katikati hapo kuna miaka mingi ya mchana usio na shughuli.

Makala haya hayahusu useremala wa kutafuta riziki. Yanahusu useremala wa kujifurahisha: kigoda cha mjukuu, rafu ya vyombo, fremu ya picha. Hakuna mteja anayepiga simu kuuliza kabati lake limefika wapi, na kiafya jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Mwili wote unafanya kazi

Mtazame mtu anayeranda ubao. Mguu mmoja uko mbele, mwingine nyuma, na randa imeshikwa kwa mikono miwili. Nguvu inaanzia kisiginoni, inapanda kiunoni na kuishia viganjani. Uzito wa mwili unahamia mguu wa mbele, kisha unarudi wa nyuma. Hilo ni zoezi la nguvu na la kujimudu usianguke, na kwa mzee mfupa wa nyonga ukivunjika, mara nyingi maisha hayarudi yalivyokuwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Waliofika miaka 65 wanashauriwa kuongeza mazoezi ya nguvu na ya kujimudu, angalau siku tatu kwa wiki. Useremala mwepesi hutumia nguvu karibu mara tatu ya zile za mtu aliyetulia kitini, na hapo ndipo mazoezi ya wastani yanapoanza kuhesabiwa. Kukata mbao ngumu kwa msumeno wa mkono kunapita hapo kwa mbali. Kwa hivyo nusu saa ya kuranda, siku tano kwa wiki, inatimiza dakika 150.

Viganja navyo vina habari zake. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watu karibu 140,000 katika nchi 17, Afrika Kusini na Zimbabwe zikiwemo. Watafiti walipima jinsi kila mtu anavyoweza kukaza mkono. Kila nguvu hiyo ilipopungua kwa kilo tano, hatari ya kufa katika miaka iliyofuata ilikuwa juu kwa asilimia 16. Si kwamba mkono ndio unaoshikilia uhai. Mkono legevu ni dalili kwamba misuli ya mwili mzima inapungua, na misuli ya mzee hujibu ikipewa kazi.

Samaki mkavu anakunjika

Methali inasema samaki mkunje angali mbichi. Ubongo unaikaidi. Mjini Dallas, Marekani, mtafiti Denise Park na wenzake walichukua watu 221 wa kati ya miaka 60 na 90. Baadhi walifundishwa kushona mablanketi ya viraka au kupiga picha za kidijitali, kwa saa zaidi ya 15 kila wiki, miezi mitatu mfululizo. Wengine walikutana tu kwa mazungumzo, michezo na matembezi. Matokeo yalitoka mwaka 2014: waliojifunza ujuzi mgeni ndio walioboresha kumbukumbu. Kupiga gumzo peke yake hakukutosha.

Useremala haukuwemo katika jaribio hilo, lakini una sifa ile ile ya kumtaka mtu ajifunze jambo gumu kwa muda mrefu. Anayetengeneza kigoda lazima akione kichwani kabla hakijakuwepo, apime, akumbuke kipimo akivuka kutoka futi hadi msumeno, na atambue nyuzi za mbao zinaelekea wapi ili randa isizichane.

Kuhusu furaha, jarida la Nature Medicine lilichapisha mwaka 2023 uchambuzi wa watu 93,263 wenye miaka 65 na zaidi katika nchi 16. Wenye shughuli wanayoipenda walikuwa na dalili chache za sonona na waliridhika zaidi na maisha. Hakukuwa na nchi ya Afrika katika orodha hiyo, na huenda pia mwenye furaha ndiye anayepata hamu ya kushika randa. Hata hivyo mwelekeo ulifanana kutoka Japani hadi Ulaya.

Tofauti ya maranda na vumbi

Chukua ubao mmoja wa saiprasi, uulainishe kwa njia mbili. Ukitumia randa yenye makali, yanatoka maranda: tepe nyembamba zinazojikunja na kuanguka miguuni. Ukitumia msasa, hasa wa mashine, linatoka vumbi laini linaloelea. Chembe kubwa za vumbi hilo hunasa puani. Zilizo chini ya maikromita 10 hupenya hadi kifuani, na unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi.

Katika miaka ya 1960, daktari wa pua na koo Esme Hadfield alikuwa akifanya kazi High Wycombe, mji wa Uingereza uliosifika kwa viti. Aliona saratani adimu ya ndani ya pua ikiwapata mafundi wa samani kupita kiasi. Ushahidi alioukusanya na Donald Acheson wa Oxford ulichapishwa mwaka 1968. Mwaka 1995 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Saratani hiyo huchukua muda mrefu kujitokeza, mara nyingi miaka 40 hivi tangu mtu aanze kuvuta vumbi la mbao ngumu. Anayeanza kuranda akiwa na miaka 62, saa chache kwa wiki, hana sababu ya kuilalia macho. Hatari yake iko karibu zaidi: pumu, kikohozi na ngozi kuwasha. Mvule unajulikana kwa kuwasha. Mbao za kiwandani za MDF hutoa vumbi laini zaidi, lenye gundi ya fomaldehaidi. Mapafu yaliyokwisha kuumizwa na kifua kikuu, sigara au moshi wa makaa hayana akiba ya kustahimili hayo.

Katika nyumba ya futi kumi kwa kumi, karakana ndiyo jikoni na ndiyo chumba cha kulala cha wajukuu. Msasa usipigwe humo kamwe. Fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na unyunyize maji kabla ya kufagia. Barakoa ya N95 huzuia vumbi hilo. Kitambaa hakilizuii vya kutosha. Thina na vanishi zikae mbali na jiko.

Masikio, vidole na paleti

Mashine ya kuranda hufikia desibeli 100. Sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 100 zimebaki dakika 15. Ripoti ya Lancet ya mwaka 2024 inataja kupoteza usikivu miongoni mwa mambo 14 yanayochangia maradhi ya kupoteza kumbukumbu, kwa hivyo vizibo vya masikio vinalinda zaidi ya masikio.

Kuna pia pepopunda, inayoingia mwilini kupitia kidonda. Mpango wa kitaifa wa chanjo ulianza mwaka 1980, mzee wa leo akiwa ameshavuka utoto. Wanawake wengi walidungwa walipokuwa wajawazito. Wanaume wengi hawakupata nafasi hiyo. Uliza kituo cha afya kabla ya kushika patasi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ajue kidonda kidogo kitamwaga damu nyingi, na mwenye kisukari asifanye kazi na malapa karibu na misumari.

Mbao za bei nafuu hutoka kwenye paleti kuukuu. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni: HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto, na hizo zinafaa. MB ni zilizofukizwa kwa methili bromaidi, sumu ya wadudu, ziache. Nguzo zilizotiwa dawa na mbao zenye rangi kuukuu zisipigwe msasa, kwani huenda zina aseniki au risasi.

Kwa kazi ya kwanza, jaribu kigoda cha miguu mitatu kama vile vya wazee wa Kikamba. Miguu mitatu hutulia hata kwenye sakafu ya udongo, wakati minne huyumba mmoja ukipungua. Fanya kazi mchana, kwa sababu jicho la miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la miaka 20.

Mwalimu yupo tayari kwenye kibanda cha jirani. Kijana huyo ana miaka 25 na anapiga msasa kutwa, uso wazi, mahali pale pale ambapo mzee anakuja kujifurahisha kwa saa mbili. Miaka 40 ya vumbi inamsubiri yeye. Mzee akifika na barakoa mbili badala ya moja, atakuwa amelipa karo ya kutosha.