Kadi ghali za michoro: Tujikune tujipatapo

Wanafunzi ninaowasimamia katika utafiti, hasa watokao kaunti za Migori na Homa Bay, hawachoki kuniuliza swali moja: je, yafaa mtu atafute kwa udi na uvumba tarakilishi yenye kadi ya michoro ya bei ya juu kabisa? Walimu wanaopanga maabara za shule nao huuliza vivyo hivyo. Swali hili si dogo, kwani mara nyingi nyuma yake yupo mzazi aliyeuza ng'ombe.

Kadi ya michoro ni kile kipande cha tarakilishi kinachofanya hesabu nyingi kwa mpigo ili picha zionekane kwenye skrini. Ilikuzwa na michezo ya tarakilishi, lakini siku hizi ndiyo itumiwayo kuifunza mitambo ya akili unde kutambua picha, maandishi na sauti. Hapo ndipo sisi wanaisimu tunapoingia. Anayetaka tarakilishi iweze kuandika yasemwayo kwa Dholuo, Kisuba au Kikuria ataihitaji kadi hiyo.

Wanaotetea kadi za bei ya juu hudai kwamba rahisi huwa ghali. Sikatai kwamba wapo wanaozihitaji: watengenezaji wa filamu za vibonzo, kwa mfano, na watafiti wanaofunza mitambo mikubwa. Hata hivyo, tukumbuke kwamba mnamo 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waligeuza mkondo wa taaluma hii kwa kadi mbili za michezo aina ya GTX 580, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3 tu. Kazi hiyo iliwachukua siku tano au sita.

Natuzitazame bei zenyewe. RTX 5090 ilizinduliwa Januari 2025 kwa dola 1,999, takriban Sh258,000 kabla ya usafirishaji na kodi. Ina gigabaiti 32. RTX 3060 ya gigabaiti 12 ilizinduliwa mwaka 2021 kwa dola 329, takriban Sh42,000. Kwa bei hizo, kadi moja ya kwanza ni sawa na sita za pili.

Ajabu ni kwamba RTX 3070 ya mwaka 2020 iliuzwa kwa dola 499 ilhali ina gigabaiti 8. Ni kweli kwamba ina kasi zaidi, lakini katika kuifunza mitambo ya lugha, kumbukumbu ikijaa kazi hukwama, na kasi haifui dafu. Aliyelipa zaidi alipata pungufu. Isitoshe, mwaka 2022 likatokea toleo la RTX 3060 lenye gigabaiti 8, kwa jina lile lile. Mwanaisimu anajua kwamba jina si kitu chenyewe. Mnunuzi naye asome idadi ya gigabaiti, asisome jina peke yake.

Tena kuna suala la umeme. RTX 5090 hula hadi wati 575, ilhali RTX 3060 hula wati 170. Katika shule ambako umeme hupotea bila taarifa, tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Ama mwanafunzi wa sekondari anayejifunza kuandika programu na kupanga majedwali, huyo hahitaji kadi ya ziada kamwe. Fedha hizo zinunue tarakilishi nyingine, ili watoto watatu wasigombanie kiti kimoja.

Kwa maoni yangu, kilicho adimu kwetu ni data, si kadi. Mradi wa Kencorpus, uliokusanya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, ulitoa mwaka 2022 maneno takriban milioni 5.6 na saa 177 za sauti. Hiyo ni kazi ya kupongezwa, lakini Kisuba na Kikuria havikuwamo. Wasuba wengi wamehamia Dholuo, na wanaokisema Kisuba kwa ufasaha ni wazee wa Mfangano na viunga vyake.

Ndiyo maana husikitika ninapomwona mwanafunzi akiahirisha utafiti mwaka mzima akingoja mashine ya ndoto yake. Simu yake yaweza kurekodi leo. Nauli ya kufika Mbita na ya mashua ya kwenda Mfangano ni sehemu ndogo mno ya bei ya kadi. Kazi ikishakusanywa, kadi ya wastani itatosha kuanzia. Ikizidiwa, vyuo vikuu kama vile Rongo na Tom Mboya vinaweza kununua moja kubwa itumiwe na wengi kwa zamu.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Kadi itakuwa rahisi zaidi miaka ijayo, kama ilivyo desturi ya vyombo hivi. Mzee wa Mfangano hatatungoja.