Kabegi ka Ngori: Vile Unajipanga Ukienda Ruma, Gwassi ama Visiwani

Kwanza toa hiyo kisu kwa begi. Ile ndefu, yenye msee wa mtumba alikuuzia akiapa ni ya komando. Karao wa rodi bloku akiiona ataanza risto ndefu na wewe, na pale geti ya mbuga ya Ruma maaskari wa KWS watakuuliza unaenda kuchinja nani. Muvi zimetuharibu, buda. Zimetufunza kujiokoa porini ni kuwasha moto na mawe, kumanga wadudu na kulala juu ya mti. Ruma ukiwasha moto ovyo umevunja sheria, na ile nyasi yao ndefu ikikauka inaweza washa bonde yote ya Lambwe kabla umalize kupuliza. Kwa hivyo moto, yenye muvi huweka namba moja, mimi naiweka nyuma kabisa.

Ngori ya huku iko na sura yake. Homa Bay na Migori ni jua kali, kiu, upepo ya ziwa, giza ya kuingia ghafla na mguu kuteguka mawe yakiteleza. Ni vitu za kawaida hivyo. Na karibu kila mahali kuna dala ya mtu mbele ya kilima, kuna mathe anachoma mahindi, kuna nduthi inapita. Hujapotea Amazon. Kabegi kanafaa kukushikilia masaa machache, mpaka mtu akufikie ama wewe umfikie. Ukiielewa hivyo, utaacha nusu ya vitu zenye ulikuwa unataka kubeba.

Begi yenyewe naona mkebe wa Kimbo wa nusu kilo umetosha. Osha mafuta itoke, kausha, jaza vitu, funga kifuniko, zungushia mpira ya tiubu. Maji haiingii haraka, na ikifika mahali unaitumia kama kikombe ama ya kutoa maji kwa boti. Hiyo mpira ya tiubu unaitisha kwa fundi wa nduthi yeyote, hata hakuchaji. Kata vipande kadhaa: zinafunga mti kwa mguu umevunjika, zinashika ndala imekatika, na kama kweli umelala nje na mvua imenyesha, kipande ya tiubu hushika moto hata kama kuni ni chapachapa. Moshi yake ni mbaya lakini inaonekana mbali. Mkebe unaingia kwa kabegi ka mgongoni pamoja na maji, na hako kabegi kanakaa mgongoni. Sio kwa keria ya nduthi, sio chini ya kiti ya boti. Boti ikipinduka, vitu za chini ya kiti ni za samaki.

Sasa maji, juu hapa ndio wasee huchezewa.

Panga lita mbili za kila mtu, zaidi kama unapanda Gwassi ama Homa Hills saa sita. Lakini usibebe zile chupa za plastiki za dukani ukienda Ruma. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwa mbuga, fuo na misitu ya serikali, kwa hivyo kuwa na chupa ya chuma ama ile plastiki ngumu ya kujaza tena. Hiyo ni hasara ya mara moja, na chupa ya chuma inadumu kushinda njumu zako.

Dawa ya maji iko kila chemisti, WaterGuard na vidonge vya klorini, na ni bei ya chini. Shida ni kipimo. Vidonge vingi vya huku vimepimiwa mtungi wa lita 20, ile jerikeni ya nyumbani. Msee anachukua moja nzima, anatupa kwa chupa ya lita moja, anakunywa kitu inanuka choo imeoshwa saa hiyo. Soma pakiti. Form safi ni kutibu jerikeni nzima jioni, ungoje ile nusu saa yao, ujaze chupa zako kutoka hapo. Kwa mkebe weka vidonge vidogo vya lita moja kama umevipata, ama kachupa kadogo ka dawa na kasirinji ya kupimia. Na kama maji ya mto iko na matope, chuja kwanza na leso safi umeikunja mara nne, juu klorini ikikutana na matope inaishia kupigana na matope na kusahau viini.

Halafu kuna maji zenye dawa haziwezi. Simbi Nyaima pale karibu na Kendu Bay ni ziwa ya kreta, chumvi na magadi tupu, flamingo wanaipenda lakini wewe haikufai. Klorini inaua viini, haitoi chumvi. Migori nayo, upande ya Macalder, wachimbaji wa dhahabu wanatumia zebaki kukamata vumbi ya dhahabu, na zebaki haitoki kwa kuchemsha wala kwa kidonge. Ukiwa hiyo side, maji yako yote yatoke nyumbani. Hakuna ujanja hapo.

Ziwa Victoria yenyewe iko na kichocho. Wale wadudu wanaingia kwa ngozi ukikanyaga maji ya ukingoni yenye majani na konokono, na hakuna kitu utaweka kwa mkebe inawazuia. Usioge hapo, usivue viatu kusukuma boti kama unaweza epuka, na ukishaingia nenda hosi baadaye uambie daktari ukweli. Dawa iko.

Kama jua imekupiga ama tumbo imeanza kuendesha, pakiti mbili za ORS zimeshinda soda yoyote. Zikiisha, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko, lita moja ya maji safi. Vijiko sawa, sio vilima. Chumvi ikizidi inakuongezea shida.

Twende kwa ziwa sasa, juu wasee wengi wanapanga Mfangano: kuona michoro ya mawe ya Kwitone na Mawanga, zile duara nyekundu na nyeupe zenye wazee wanasema ni za Watwa. Boti inatoka Mbita kuelekea Sena. Asubuhi nam imelala kama kioo. Mchana bara ikishapata moto, upepo unaanza kutoka ziwani kuingia nchi kavu, mawimbi yanasimama, na jioni mvua ya ngurumo inaweza kushuka kutoka milima. Usiku radi zinahamia kwa ziwa yenyewe, ndio maana jolupo, wavuvi wa huku, wanajua kusoma mawingu kushinda simu yako. Ukimuuliza mzee wa boti, "Jaduong', tutarudi saa ngapi?" na akujibu, "Wuoda, hiyo uliza yamo," ujue hajakupuuza. Amekwambia upepo ndio bosi, na wewe rudi asubuhi.

Laif-jaketi ni sehemu ya kabegi hata kama haiingii ndani. Ivae na ufunge kamba zote tatu. Najua nyadhi ya huku, msee amevaa shati ya pamba na miwani nyeusi hataki kuifunika na kitu ya rangi ya chungwa iliyochanika. Sawa, lakini maji ya Mbita haijui designa. Kama jaketi ya boti imeoza, shuka ungoje ingine.

Radi pia iko na hesabu. Ukiona mwako, anza kuhesabu sekunde mpaka uskie mlio. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ikifika 30 ama chini, radi iko karibu vya kukupata: ondoka kilimani, ondoka majini, usijifiche chini ya mti moja umesimama peke yake. Ingia nyumba ya ukweli ama gari, na ukae nusu saa baada ya mlio ya mwisho. Haka kahesabu hakana uzito, kabebe kwa kichwa.

Ruma iko na karibu kilomita mraba 120, ilianza 1966 kama hifadhi ya Lambwe Valley na ikawa mbuga ya taifa 1983, na ndio mahali pekee Kenya utaona swala korongo porini. Lakini yule mwenye utamwona kwanza ni maugo, mbung'o. Anauma kupitia shati. Na anapenda buluu na nyeusi, ndio maana mitego zao zinashonwa na kitambaa buluu. Kwa hivyo ile jinzi na tishati nyeusi yenye umepanga ya picha, iache keja. Vaa kaki ama rangi ya mchanga, mikono mirefu. Malale, ugonjwa yenye yeye hueneza, ilisumbua Lambwe miaka mingi; Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza Kenya imeitoa kwa orodha ya shida ya afya ya umma. Hata hivyo, mbung'o bado anauma. Ukiumwa halafu wiki kadhaa baadaye uwe na homa yenye haishuki, mwambie daktari ulikuwa Lambwe, juu hatabahatisha hiyo peke yake. Na kukaa ndani ya gari mbugani ni kawaida ya kuzingatia, juu nyati hajali una kabegi gani.

Thimlich Ohinga ni safari ingine. Iko kama kilomita 46 kaskazini magharibi ya Migori town, kuta za mawe bila simiti wala udongo, zingine zinapita urefu ya mita nne, na UNESCO iliiweka kwa urithi wa dunia 2018. Pale kuna mambo mawili. Kwanza bondo, ule mti wa mikono kama kinara cha mishumaa: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utajua hujui, kwa hivyo maji safi ya kuosha macho isikose. Pili, nyoka aina ya moma anapenda mawe. Usitie mkono kwa shimo, usikalie ukuta bila kuangalia, na kuta zenyewe ni za kuangaliwa tu, sio za kupanda.

Akikuuma nyoka: hapa risto za mtaa huua watu. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usiweke lile jiwe jeusi lenye wanasema hunyonya sumu. Toa pete na saa kabla mkono uvimbe, mguu ama mkono ukae tuli kama umevunjika, tumia bandeji ya krepe na kipande ya mti kuushikilia bila kuubana, na nduthi ama ndai ikupeleke hosi kubwa, Homa Bay ama Migori referal. Kama kuna mtu wa kubebwa, abebwe. Kumuua nyoka ili umbebe ni kutafuta wa pili kuumwa.

Hiyo bandeji ya krepe ndio kitu yangu ya heshima kwa mkebe wote. Inafunga kifundo kilichoteguka, inashika pamba kwa jeraha, inatengeneza kamba ya kuning'iniza mkono. Weka na plasta, pamba, panadol, dawa ya kusafisha kidonda, kibanio cha kutoa miiba. Njugu karanga pia, juu huku njugu ya Ndhiwa iko, sio mambo ya kununua biskuti. Omena iliyokaushwa acha, itakumalizia maji.

Giza. Huku karibu na ikweta jua ikishuka inashuka kweli. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi ulikuwa unaona njia, na baada ya dakika chache huoni mkono. Smartfon yako umeimaliza chaji na video za korongo. Kwa hivyo beba kabambe, ile mulika mwizi ya vitufe, imezimwa, imejaa chaji, na laini ya netiwaki tofauti. Chaji yake inakaa siku kadhaa na tochi yake inatosha kushuka Gwassi. Ukiwa Muhuru ama Isebania fon inaweza kujiunga na mnara wa Tanzania bila kukuuliza, na kredo iishe, kwa hivyo chagua netiwaki wewe mwenyewe. Namba 999 na 112 ni za dharura. 1199 ni ya Red Cross.

Firimbi ya plastiki, ile ya refa, inaingia kwa mfuko wa shati. Milio mitatu, pumzika, milio mitatu. Sauti yako itaisha kabla ya dakika kumi lakini firimbi haichoki. Karatasi ya nailoni ya mita mbili, kamba ya manila mita tano, soo mbili au tatu za noti ndogo zimekunjwa ndani ya kifuniko (M-Pesa bila netiwaki ni kumbukumbu tu). Ukitoa fon na chupa ya chuma, kwa thao moja umenunua karibu vyote, kama huendi na tochi ya madoido.

Bado kuna kitu moja haiingii kwa mkebe. Kabla utoke, mwambie msee wa nduthi ama msee wa lodge unaenda wapi, na njia gani, na saa ya kurudi, na afanye nini ukichelewa. Mwandikie meseji, usimwambie tu kwa mdomo, juu atasahau. Mpatie saa ya kuanza kukutafuta. Na ukirudi mpigie, hata kama umechoka: jamaa akizungusha Lambwe usiku akipiga honi na wewe uko Sindo unapasua ngege na ugali, hatakubeba tena, na kijiji yote itajua kwa nini.