HESABU KWANZA, FUNGA BARABARA BAADAYE



Siku moja ambilansi yetu ilibeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Njiani tukakuta katapila inasawazisha barabara. Ilikuwa saa 12 ya asubuhi: posti ya usiku inatoka, posti ya asubuhi inaingia. Makamyo mbele, mabasi nyuma, hakuna pa kupita. Mtoto alizaliwa palepale barabarani. Tunashukuru Mungu, wote wawili ni wazima.

Je, barabara isitengenezwe? Hapana! Mashimo yanaumiza mgongo wa shofere na kupindua makamyo. Lakini kila kazi ina saa yake, na saa hiyo inajulikana kwa kuhesabu.

Mtu mmoja akae kando ya barabara na daftari. Kila saa apige mstari mmoja kwa kila kamyo, basi, kinga na mtu wa miguu, kila kimoja mahali pake. Ahesabu juma zima, kwani siku ya soko haifanani na siku nyingine. Saa yenye mistari michache, ndiyo saa ya katapila.

Kisha tukumbuke:
— kazi kubwa ifanywe wakati wa kiangazi, Mei mpaka Septemba;
— kufunga upande mmoja tu wa barabara;
— bendera nyekundu pande zote mbili, na taa usiku;
— kujulisha dispanseri na kambi mapema.

Shofere, ukiona bendera, punguza mwendo. Leo ambilansi imebeba jirani; kesho itabeba mtu wa nyumba yako.