SGR kutoka Voi: ekonomi au daraja la kwanza?

Unatoka Mwatate, unachukua matatu hadi Voi, kisha Madaraka Express mpaka Nairobi. Kabla hujabonyeza *639#, amua kwanza: utakaa behewa gani?

Tofauti inauma mfukoni. Nauli zilizoanza Januari 2024 ziliweka safari nzima ya Mombasa–Nairobi kuwa shilingi 1,500 ekonomi na 4,500 daraja la kwanza. Ukipandia Voi unalipa pungufu, lakini pengo bado lipo.

Unalipia nini hasa? Ekonomi ina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, mnakaa mkitazamana, magoti karibu yagusane. Daraja la kwanza ni viwili kwa viwili, vipana zaidi. Treni ni ile ile, na mtafika pamoja.

Kwa masaa manne hivi, kijana mwenye afya ekonomi inamtosha; pesa inayobaki itamlipia matatu na chakula Nairobi. Lakini kama unampeleka mama anayeumwa mgongo hospitalini, daraja la kwanza si anasa. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu.

Kabla ya kuweka PIN ya M-Pesa, kagua kituo, tarehe, daraja na namba ya kitambulisho. Tunza SMS hadi uchukue tiketi kituoni. Na mtu akikwambia, “Nitumie nauli kwa namba yangu nikubukie,” usitume. Bonyeza mwenyewe.