Maradhi ya mzazi yazaa shirika la kutetea afya ya ubongo

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Usemi huu wa wahenga unaafiki hali ya familia nyingi katika ufuo wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi Bondo, Mbita na Homa Bay, ambazo huwatunza kimyakimya wazee wanaopoteza kumbukumbu.

Hali hiyo, ambayo wataalamu huiita dimenshia, si ugonjwa mmoja, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Ni mkusanyiko wa dalili zitokanazo na maradhi yanayoharibu ubongo. Mgonjwa husahau mambo ya juzi, hupotea njia aliyoizoea, hubadilika tabia na hatimaye hushindwa kujihudumia.

Chanzo kikuu ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka wa 1906. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia mwaka wa 2021, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika mataifa ya kipato cha chini na cha wastani.

Nchini Kenya, sauti ya familia hizi ilianza kusikika kutokana na masaibu ya nyumba moja. Elizabeth Mutunga, ambaye babake aliugua Alzheimer, alianzisha shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya (ADOK) jijini Nairobi mwaka wa 2016. Shirika hilo huhamasisha umma na kuwakutanisha watunzaji ili wafarijiane na kupeana maarifa.

Mkondo huo si mgeni duniani. Nchini Marekani, mfanyabiashara Jerome Stone, ambaye mkewe alikuwa na ugonjwa huo huo, aliongoza kuasisiwa kwa chama cha kitaifa cha Alzheimer mwaka wa 1980. Mashirika ya aina hii aghalabu huzaliwa na jamaa waliokosa wa kuwaelekeza.

Katika eneo la ziwa, ukosefu wa maelekezo una hatari zake. Mzee anayetoka usiku na kuzurura bila kujua aendako huweza kuitwa jajuok, yaani mchawi au mkimbiaji wa usiku. Anayedhoofika huweza kudhaniwa amepatwa na chira, laana ya aliyevunja mwiko.

Tuhuma kama hizo huua. Katika eneo jirani la Kisii, watu 11 waliteketezwa mnamo Mei 2008 kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani kwa madai yayo hayo. Mkongwe ambaye mwenendo wake umebadilika, na ambaye jamaa zake hawana maelezo ya kuwapa majirani, yumo hatarini.

Kwa hivyo, kazi ya kwanza ya shirika au kikundi chochote kitakachoanzishwa Kisumu ni kueleza ugonjwa huu kwa Kijaluo, kanisani, katika baraza la chifu na redioni.

Kazi ya pili ni kuwahimiza watu waende hospitalini mapema. Si kila kuchanganyikiwa ni dimenshia. Maambukizi, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi, athari za dawa na hata huzuni kuu huweza kuleta dalili zinazofanana nayo, na haya yote hutibika. Dimenshia yenyewe, kwa upande mwingine, haijapata tiba ya kuiponya kabisa.

Kazi ya tatu ni kinga. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema mwaka wa 2024 kuwa takriban asilimia 45 ya visa vinahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, uziwi usioshughulikiwa, upweke na elimu duni.

Isitoshe, eneo la Nyanza limebeba mzigo mkubwa wa virusi vya Ukimwi. Dawa zimewawezesha wengi kuzeeka, lakini virusi hivyo navyo huweza kuathiri ubongo. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa na serikali mwaka wa 2023, wanaweza kupima shinikizo la damu nyumbani na kutambua mapema dalili za kusahau.

Anayetaka kuanzisha shirika sharti azingatie Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutekelezwa Mei 14, 2024 na kuchukua nafasi ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Wenye uwezo mdogo wanaweza kuanza na kikundi cha kijamii, ambacho husajiliwa chini ya sheria ya mwaka wa 2022.

Hata hivyo, usajili hautoshi. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakiwezi kumlipa mtunzaji. Mzigo huangukia binti au mke wa mwana, huku ndugu walio mijini wakituma fedha tu.

Huyo naye anahitaji siku ya kupumzika na mtu wa kumsikiliza. Shirika litakalomsahau litakuwa limetimiza nusu tu ya kazi yake.